Pasipoti Mbili za Mdogo Wangu

Mdogo wangu aliziweka pasipoti zake mbili mezani, moja kando ya nyingine, akasogeza sahani ya maandazi ili zipate nafasi, kisha akaniuliza kama mtu anayeuliza avae viatu gani, "Dada, nitumie ipi?"

Ilikuwa Jumapili, sebuleni kwetu Rosettenville, mwaka 2018 ukielekea kuisha. Mimi na yeye tulikuwa tunajiandaa kusafiri kwenda Morogoro kumwona bibi, mama yake mama. Mama alikuwa kwenye cherehani karibu na dirisha, anamalizia nguo za harusi za wateja wake Wakongo, ambao kila Desemba huoana kwa wingi na hakuna anayekubali kusubiri. Baba alikuwa anatazama mpira na sauti ameizima, kwa amri ya mama.

Pasipoti ya kwanza ilikuwa ya Afrika Kusini. Jalada lake ni la kijani, na nyumbani tuliiita Kijani. Ya pili ilikuwa ya Tanzania, yenye nembo ya taifa, mwanamume na mwanamke wamesimama pande mbili za ngao. Hiyo tuliiita Bibi na Bwana, kwa sababu ndivyo mama alivyozoea kuiita nembo yenyewe tangu shuleni. Mimi nilikuwa na Bibi na Bwana peke yake.

"Ipi sasa?" mdogo wangu akauliza kwa Kiingereza, kama kawaida yake. "Si wewe ndiye unayejua haya mambo?"

Ni kweli nilijua. Nilikuwa nimemaliza chuo mwaka uliotangulia na nilikuwa najifunza kazi katika kampuni moja ya mizigo huko Midrand, nakagua karatasi za malori yanayovuka mipaka kwenda kaskazini. Mchana wenzangu wakila, mimi nilikuwa nasoma masharti ya uhamiaji ya nchi ambazo sikuwa na mpango wowote wa kwenda. Niliyasoma kama mtu mwenye kikohozi anavyosoma habari za kifua kikuu, si kwa kutafuta dawa bali kwa kuhakikisha kwamba hofu yake ina sababu.

"Kutoka hapa ni Kijani," nikamwambia. "Ni sheria. Raia wa hapa anatoka na kuingia kwa pasipoti ya hapa. Kuingia Dar unaweza kutumia yoyote. Ukitoa Bibi na Bwana unaingia kama mtu wa nyumbani. Ukitoa Kijani unaingia kama mgeni, wanakupigia muhuri wa miezi mitatu."

"Sharp," akakubali, akachukua andazi.

Nilimtazama akitafuna. Swali kama lile ningeulizwa mimi, ningekaa nalo wiki nzima, ningelibeba kazini, ningelipanga na kulipangua kwenye teksi ya kwenda Midrand hadi nipitilize kituo. Yeye alilimaliza kabla ya andazi.

"Mwanangu, usimchoshe mwenzio na masheria," mama akasema bila kugeuka. "Nisikilize mimi. Ukiongeleshwa Kiingereza au Kizulu, toa Kijani. Ukiongeleshwa Kiswahili, toa Bibi na Bwana. Basi."

"Mama, sio hivyo."

"Ni hivyo. Wewe unasoma, mimi nimepita."

"Na akiongeleshwa Kifaransa?" baba akauliza kutoka kwenye kochi.

"Akiongeleshwa Kifaransa, amekosea ndege."

Baba alicheka hadi akapitwa na goli.

Jioni ile mama alimshonea mdogo wangu kifuko cha kuvaa ndani ya blauzi, cha vipande vya kitenge vilivyobaki kwenye gauni la bibi harusi. Kilikuwa na mifuko miwili, wa mbele wa Kijani na wa nyuma wa Bibi na Bwana, ili asizichanganye. Na mimi akanishonea, cha kitenge hichohicho, kamba ileile, mfuko mmoja. Alikuwa sahihi. Mfuko wa pili ningeutilia nini? Lakini nilipokwenda chumbani nilikigeuzageuza kile kifuko mkononi, nikikipapasa kwa nyuma, nikitafuta kitu ambacho nilijua hakipo.

Wivu wangu haukuanza siku hiyo. Ulikuwa mkubwa kuliko mdogo wangu mwenyewe.

Baba alikuwa mmoja wa vijana wa Afrika Kusini waliokaa uhamishoni Morogoro. Huko ndiko alikojifunza Kiswahili, na huko ndiko alikompata mama. Kwao mambo yalipobadilika, wakaruhusiwa kurudi, akarudi, akamwahidi mama kwamba atamfuata. Akachelewa. Alichelewa miaka, na katikati ya kuchelewa kwake nikazaliwa mimi, baba yangu akiwa mwanamume mwingine ambaye hakukaa. Alipokuja hatimaye, akiwa na sanduku la nguo za mama zilizokuwa zimeshakuwa ndogo, alinikuta barazani nala ubuyu, midomo myekundu. Hakuuliza kitu. Alituchukua wote wawili. Baada ya muda, Johannesburg, akazaliwa mdogo wangu, na yeye aliwahi kila kitu: baba alikuwepo, mama alikuwepo, nchi mbili zilikuwa zinamsubiri.

Baba hajawahi kunibagua. Ada yangu alilipa kwa kutengeneza magari Jeppestown, mgongo ukiwa chini ya injini, na siku ya mahafali yangu alipiga vigelegele kuliko wanawake. Lakini karatasi za serikali hazina mahali pa kuandika vigelegele. Kwa watu wa uhamiaji nilikuwa mtegemezi, kisha mwanafunzi, kisha mwombaji, na kila mara kibali kilipokaribia kuisha nilikuwa naanza kulala vibaya mapema, kama watu wengine wanavyoanza mapema kununua vitu vya Krismasi.

Nilipomaliza chuo, wenzangu waliamua kwenda Thailand. Waliamua tukiwa tumekaa kwenye nyasi, mmoja akiwa na simu, na kabla chipsi hazijapoa walikuwa wameshanunua tiketi. Pasipoti za kijani haziombi ruhusa kule. Mimi nilihitaji viza. Majibu yangu yalipokuja, wao walikuwa wamesharudi na wanafanyiana utani ambao sikuuelewa kwa sababu ulianzia kwenye boti fulani. Wakati huohuo mdogo wangu, akiwa bado na sare ya shule, alikuwa ameshakwenda Mauritius na timu ya netiboli, akarudi analalamika kwamba chakula kilikuwa na pilipili. Nilimpokea begi. Nikamsikiliza akilalamika. Ningeila ile pilipili kwa kijiko.

Kwa hiyo safari ya Dar haikuwa safari ya kawaida kwangu. Dar ndio uwanja pekee wa ndege duniani ambapo kuna mstari wangu. Nilikuwa nimeuwaza ule mstari kwa miezi. Niliona ninavyopita haraka, pasipoti yangu ikitazamwa mara moja tu, na mdogo wangu yuko kule kwa wageni, amebanwa kati ya watalii wenye mabegi ya mgongoni, ananitafuta kwa macho.

Na kulikuwa na jambo lingine, ambalo nyumbani lilijulikana na wote na halikutajwa na yeyote. Mdogo wangu alikuwa anakaribia kutimiza miaka kumi na nane. Tanzania humvumilia mtoto mwenye uraia wa nchi mbili, lakini si mtu mzima. Akishafika umri huo lazima aukane uraia wa nchi nyingine, la sivyo ule wa Tanzania unamponyoka wenyewe. Mama alitumaini kwamba akikaa na bibi, akala kule, akaitwa mjukuu na majirani, kitu kitamgusa moyoni. Ndiyo maana alikuwa ametutuma. Mimi nilitumaini kinyume. Nilitaka mtoto wa mama aliye wa kwao mama nibaki mimi peke yangu. Mwenzangu alikuwa na baba kwa damu, alikuwa na Thailand na Mauritius, alikuwa na usingizi mzuri. Nilitaka kitu kimoja ambacho yeye hana.

Siku ya safari baba alitupeleka uwanja wa ndege, akituhadithia njia nzima jinsi ugali wa Morogoro ulivyokuwa mgumu, na kwenye kila robot, yaani taa za barabarani, ikiwa nyekundu aligeuka nyuma kuhakikisha bado tunacheka. Ndani tulitengana. Mdogo wangu akaenda kwenye mstari wa wenye Kijani, ambao ulikuwa mfupi. Mimi nikaenda kwenye mstari wa pasipoti nyingine, uliokuwa unajikunja mara kadhaa kati ya kamba, umejaa akina mama wenye blanketi mpya na wanaume wenye televisheni ndani ya maboksi.

Nilimwona akifika kwenye kaunta. Aligeuka, akanipungia mkono, akasema kwa sauti, "Dada, tukutane ndani!" Alisema kwa Kiswahili, kwa sababu yalikuwa miongoni mwa maneno machache aliyokuwa na hakika nayo.

Yule mama wa uhamiaji akainua kichwa. Alikuwa mtu mzima, kilemba chake kimefungwa vizuri. Uso wake ukafunguka.

"Heh! Mnaongea Kiswahili?" akasema, na alikisema vizuri, na lafudhi ya Morogoro kabisa. "Habari zenu, wadogo zangu? Mnakwenda nyumbani?"

Nilijua kitakachotokea kabla hakijatokea. Katika Johannesburg nzima kuna watu kama yeye, waliozaliwa au kukulia uhamishoni, waliorudi na wazazi wao wakiwa watoto, na sasa wamekaa kwenye madawati ya serikali. Mama alikuwa amewasahau katika kanuni yake. Mdogo wangu alitabasamu, akaingiza mkono ndani ya blauzi, akaupita mfuko wa mbele, akaenda wa nyuma, akamkabidhi Bibi na Bwana.

Yule mama akaifungua. Akageuza kurasa. Akarudi mwanzo, akageuza tena polepole. Ile pasipoti ilikuwa imeingia Tanzania mara moja, zamani, na haikuwa na muhuri hata mmoja wa kuingia Afrika Kusini, kwa sababu huku mdogo wangu alikuwa ameingia kwa Kijani siku zote. Kwa anayeitazama ile peke yake, huyu alikuwa msichana wa Kitanzania aliyejitokeza tu katikati ya Johannesburg.

"Mdogo wangu," yule mama akasema, na sasa sauti ilikuwa ya kazi, "uliingiaje nchi hii?"

"Sikuingia," mdogo wangu akasema.

"Hukuingia?"

"Nilikuwepo tu."

Watu wa nyuma yake walianza kubadilisha mguu wa kusimamia. Mwanamume mwenye sare alisogea. Mdogo wangu alihamia Kiingereza, akaanza kueleza kuhusu mama, kuhusu baba, kuhusu cherehani, kila kitu isipokuwa kile kilichotakiwa, na nilimwona ameshika kifuko kwa mkono wote, kifuani, juu ya Kijani yenyewe, bila kukumbuka kwamba iko pale.

Nilipita chini ya kamba. Nikapita ya pili. "Mpe Kijani!" nikamwambia. "Ya mbele! Mfuko wa mbele!"

Akaitoa. Yule mama akaipokea, akailinganisha na ile nyingine, akatutazama mmoja baada ya mwingine. Kisha akaanza kucheka, kicheko kilichoanzia tumboni.

"Nani amewafundisha hivi? Mama?"

"Mama," mdogo wangu akasema.

"Hata mimi mama yangu alikuwa hivyohivyo." Akagonga muhuri kwenye Kijani. "Hapa unatoa hii, hata nikikuimbia taarabu. Umesikia? Nenda, mtoto wa nyumbani. Msalimie bibi."

Mtoto wa nyumbani. Alimwambia yeye, ambaye Kiswahili chake kizima kingetosha nyuma ya kadi ya simu. Nilisubiri neno langu. Akanigeukia, akaiona pasipoti niliyoishika, Bibi na Bwana peke yao mkononi mwangu.

"Na wewe, dada," akasema kwa upole, "rudi kwenye mstari wako."

Nikarudi. Mahali pangu palikuwa pameshachukuliwa na mtu na televisheni yake, nikaenda nyuma kabisa. Na zamu yangu ilipofika, kijana wa kaunta ile alikisoma kibali changu kama mtu anayetafuta kosa la tahajia katika barua ya mapenzi, akakipeleka kwa mwenzake, wakakisoma wawili. Nilipotoka upande wa pili mdogo wangu alikuwa amekaa na kikombe cha chokoleti, ameshasahau.

"Eish, dada, umechelewa," akasema.

Ndani ya ndege, karibu na kutua, ndipo nilipogundua kwamba hakuwa amesahau.

"Dada," akasema. "Kule Dar nitoe Kijani tu? Naogopa kuulizwa."

Hapo ndipo penyewe. Ningesema neno moja tu, sawa, na ningekuwa nimepata mstari wangu. Wala lisingekuwa uongo. Nilimtazama. Alikuwa anafunga na kufungua kile kifuko.

"Zote zinafaa," nikasema. Nikasikia naendelea, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. "Ila hii inaweza kuwa mara yako ya mwisho kuingia kwa Bibi na Bwana. Ukitoa Kijani leo, hutajua ilivyokuwa."

Alifikiri. Alifikiri kweli, na mimi nilimwonea wivu hata kwa hilo, kwamba kufikiri kwake kulikuwa na mwisho.

"Basi nitoe ya mama," akasema. "Nipite na wewe."

Kwa hiyo kwenye mstari wangu tulisimama wawili. Nilimtanguliza. Afisa alikuwa mwanamume mnene mwenye miwani kwenye paji la uso.

"Karibu nyumbani. Unatoka wapi?"

"Mimi natoka Joburg," mdogo wangu akasema polepole, akiweka kila neno chini kama chungu. "Mama yangu ni wa hapa. Mimi pia ni wa hapa. Kidogo."

"Kidogo?" Yule afisa akashusha miwani. Nikajiandaa. Moyoni nilikuwa nimeshaandaa maelezo yote, vifungu vyote, mtoto wa mama Mtanzania, umri wake, kila kitu. Naye akageuka kwa mwenzake wa kaunta ya pili. "Bwana wee, njoo umwone Mtanzania kidogo!"

Walicheka. Walimfundisha kusema shikamoo kwa maafisa wote waliokuwa pale, mmoja mmoja, na wote wakaitika marahaba. Walimwuliza kabila la mama, alipotaja mmoja akadai ni shemeji yake, akataka mahari. Mdogo wangu alikuwa anacheka hadi anashika kaunta.

"Lakini ukifika kumi na nane utachagua, eh?" yule wa miwani akasema akimrudishia pasipoti. "Utuchague sisi. Sisi wazuri."

Kisha mimi. Nilikuwa nimesafiri na salamu yangu tayari, Kiswahili changu safi, hata lafudhi nilikuwa nimeifanyia usafi. Alifungua, akagonga, akarudisha. Hakushusha miwani.

"Pita, dada."

Nilipata nilichokitaka, nikatazamwa mara moja tu.

Morogoro tulikaa hadi mwaka mpya. Bibi alimwita mdogo wangu kwa jina la mama yake mwenyewe, akamtembeza kwa majirani, akamnunulia kanga. Mama alipiga simu kila jioni kuuliza, "Anaendeleaje?" na hakuwa anauliza afya. Siku ya kuondoka bibi alimshika mdogo wangu mkono getini, akamwuliza alichokuwa amezuia siku zote, "Sasa wewe utakuwa wa wapi?"

"Sijui, bibi," mdogo wangu akasema, na machozi yakamtoka, ya kweli, makubwa. Mimi hakuna aliyewahi kuniuliza. Nilisimama pale na mabegi yote mawili, nikiona wivu kwa swali.

Siku yake ya kuzaliwa ilikuja tukiwa tumerudi Johannesburg. Tulikata keki, rafiki zake wakaja na spika kubwa, baba akacheza hadi goti likamkumbusha umri. Hakuna aliyeutaja uraia. Alikuwa ameshaomba chuo hapahapa, bima ya baba, maisha yake yote yalikuwa hapa, na hakuna mtu mwenye akili ambaye angemwambia aikane Kijani. Muda ukapita, ule uraia mwingine ukaisha kimyakimya kama maziwa kwenye friji. Jioni moja nilimkuta mama amekalia kiti chake cha cherehani na kile kifuko magotini, anafumua kwa wembe mfuko wa nyuma, uzi mmoja mmoja, bila kuharibu kitambaa. Alipomaliza kilikuwa sawasawa na changu.

Nilitegemea kufurahi. Kusema kweli, nilifurahi, kwa siku kadhaa.

Desemba ya 2019 tukaenda tena, na safari hii mambo yalikuwa kama nilivyoyaota. Dar tuliachana kwenye mabango. Yeye akaenda kwa wageni. Mimi nikapita. Haikuchukua muda wa kuvuta pumzi, na nikawa upande wa pili, peke yangu, mtoto pekee wa mama aliye wa kwao mama. Niligeuka kumtazama. Nilitaka anione.

Hakuwa ananitafuta. Alikuwa katikati ya wazee wa Kizungu wa Pretoria wanaokwenda kupanda Kilimanjaro, anawafundisha shikamoo, na mstari mzima unaitika marahaba. Nikasubiri kwenye mkanda wa mizigo. Nilishusha begi langu, nikashusha lake. Nikasubiri hadi mkanda ukasimama.

"Dada! Wameniuliza nafikia hoteli gani!" akasema alipofika, anang'aa. "Nikasema hoteli ya bibi. Wakacheka! Wakasema niwaletee ugali!"

Morogoro, bibi alikuwa amesimama getini na kanga mpya. Alitukumbatia wote. Halafu akamshika mdogo wangu bega, akamtazama juu hadi chini, akasema maneno ambayo hakuyasema mwaka uliopita.

"Karibu, mgeni wangu."

Alimkalisha kwenye kochi, lile lenye vitambaa vya kufumwa, akamletea soda na bilauri iliyofutwa mara mbili. Kuku alikuwa ameshachinjwa. Mimi nilipewa kanga ya kuukuu nijifunge kiunoni, na mbuzi ya kukunia nazi.

"Wewe si mgeni," bibi akaniambia. "Nazi ziko pale."

Nikakaa juu ya ile mbuzi, jikoni, nikaanza kukuna. Kutoka sebuleni nilisikia majirani wakiingia kumwona mgeni wa Afrika Kusini, wakimwuliza kama amechoka, kama amelala vizuri kwenye ndege, kama joto halimsumbui. Mapaja yote mawili ya kuku yalikuwa yametengwa kwenye sahani yenye maua. Nilijua ni ya nani. Nilijua pia kwamba nimelitaka hili, nimelisubiri, na sina mtu wa kulalamikia.

Kisha akatokea mlangoni, soda mkononi. Alikuwa amevua viatu.

"Nisaidie?" akasema.

"Toka huko!" bibi akasema, akimpungia mwiko. "Mgeni hakai jikoni. Nenda kakae, utachafua nguo."

"Bibi, mwaka jana nilikuna mimi."

"Mwaka jana ni mwaka jana."

Hakuondoka, wala hakuingia. Alisimama pale kizingitini, vidole vyake vya miguu vikiwa ukingoni, anatazama mikono yangu, anatazama nazi inavyoanguka nyeupe kwenye sinia, anatazama bibi anavyonipita na kunisukuma kidogo kwa nyonga bila kuomba radhi, kama mtu anavyomsukuma wa kwake. Sijawahi kuona uso ule kwa mtu mwingine. Nilikuwa nimeuvaa mimi miaka yote, na sikuwa nimejua unavyoonekana kwa nje.

Ningeweza kusogea. Ile mbuzi ina nafasi ya mtu mmoja tu, lakini ningeweza kumpa kipande cha nazi, ningeweza kumwambia bibi mwache aingie. Badala yake nilikaza kanga kiunoni, nikachukua kizio kingine cha nazi, nikakuna polepole, ili aone vizuri.

Mchana alipewa mapaja yote mawili. Moja akaliweka kwenye sahani yangu bila kuniangalia. Nililila lote, na jicho langu likabaki kwenye lile lililobaki sahanini mwake.